Posa ya Bi Kobe

Shida ilikuwa moja tu: punda habreki, na kobe hafiki.

Kiilu alikuwa na katuni yake mtandaoni, ya punda anayeendesha lori la mchanga pale Salama. Tangu kipindi cha kwanza punda huyo hajawahi kukanyaga breki. Muthoki wa Nunguni naye alikuwa na yake, ya Bi Kobe mwenye hoteli, mama mkali anayeondoka jikoni na chai asubuhi na mteja akainywa jioni. Watazamaji walikuwa wamewachosha kwa swali lile lile: hawa wawili watakutana lini kwa shoo moja?

"Wakutane aje?" Muthoki aliuliza kwa simu. "Kobe wangu akimaliza kuvuka barabara, punda wako ashafika Mombasa."

"Basi wacha punda aje kwao," Kiilu akasema. "Aje kuposa."

Alijishangaa mwenyewe. Maneno yalikuwa yamemtoka kama kikohozi.

Ukweli ni kwamba kijana wa watu alikuwa ameisha. Aliipenda sauti ya Bi Kobe kabla hajamjua mtu yeyote Nunguni, ile sauti nzito, yenye mikwaruzo, inayokutukana na bado unataka ikutukane tena. Kisha akakutana na Muthoki kwenye mkutano wa wachoraji mjini Wote, mpole, ana mwanya, na mambo yakaharibika kabisa. Alimwomba amsemeshe kidogo kama Bi Kobe. Muthoki akacheka, akasema Bi Kobe haongei barabarani. Tangu siku hiyo Kiilu hakutaka mke mwingine, ila kumwambia hakuweza. Mdomo wa kumsemea punda alikuwa nao. Wa kujisemea, hana.

Kwa hiyo akapanga ujanja. Shoo irekodiwe nyumbani kwa Mzee Mutisya, babake Muthoki. Wazee wa kweli ndio waongee, maana posa hakuna mwigizaji anaijua kuwashinda. Na mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba akishawapeleka na wakaliwa basi mke ni wake, wawe mbuzi wa kweli. "Mbuzi wa kwa simu analia kama mtoto mwenye homa," aliwaambia watu. Lakini kando alimtuma mjomba wake, Kitheka, amwambie Mzee Mutisya kwamba mchezo haupo hapa, kijana anataka kuoa.

Sasa, posa ina adabu zake. Jina la mtu halitajwi ovyo, kana kwamba umetumwa na polisi. Watu husema wameona ua, au wamefuata njiwa. Kitheka, mtu wa adabu sana, alisema wamekuja kwa yule mwenye sauti ya Bi Kobe.

Mzee Mutisya alivua kofia. "Bi Kobe mwenyewe? Kijana ana uhakika?"

"Usingizi umemkataa."

"Mungu ni mkubwa," mzee akasema, akatoa leso na kupangusa macho.

Siku ikafika. Langoni Kiilu alipokewa na Kathini, dada mkubwa wa mzee, mama wa miaka sitini na kitu ambaye wanaume wa Nunguni walimwogopa tangu ujana wake. Alimpa Kiilu mkono bila neno, akamkagua viatu, akaingia ndani. Muthoki alikuwa anapanga nyaya za maiki.

"Baba ameniambia yote," alimnong'oneza Kiilu. "Mimi sina neno. Bora tu umheshimu."

"Nitamheshimu mpaka kaburini," Kiilu akajibu, akimwangalia mzee.

Bi Kobe hurekodiwa chumbani, chini ya blanketi mbili, ili kelele za kuku zisiingie. Muthoki akaingia na vikombe viwili vya chai, mlango ukafungwa. Kiilu akabaki uani na wazee, maiki mkononi.

"Huyu punda wenu ana mbio," Mzee Mutisya alianza. "Atamngoja mtu wetu kweli?"

"Tumemfunga breki leo asubuhi," Kitheka akajibu, na wazee wakacheka.

Ikafika zamu ya punda. Kiilu alisema kwa sauti ya punda kwamba amempenda kabla ya kumwona, na kwamba hata akitukanwa kila siku mpaka uzee atashukuru. Alikuwa analia kabisa. Wazee waliangalia chini, wengine wakakohoa.

Mbuzi mmoja akachinjwa, akachomwa, nyama ikawekwa kwa majani. Hakuna aliyegusa. Mzee Mutisya aligeukia dirisha la chumba.

"Wewe uliye ndani. Hawa watu unawajua? Tule, ama tuwarudishie mbuzi wao?"

Kimya. Kiilu alijua neno moja tu likikosekana hapo atarudi Salama na aibu yake, na Muthoki atamkumbuka kwa ubaya. Kimya kile kilikuwa kirefu hata kwa kobe.

"Kuleni," sauti ikatoka, nzito, yenye mikwaruzo. "Kabla haijapoa."

Wakala. Kiilu alikula huku anacheka peke yake, mafuta yakimtiririka mpaka kwa kiwiko, na hakujali. Mifupa ilipokaribia kubaki mitupu, Kitheka alisimama akashukuru kwa niaba ya ukoo: jambo limekwisha, mke ni wetu, na aletwe tumwone. Kiilu akajikatia kipande cha mwisho cha ubavu ili atulize moyo.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Muthoki alitoka kwanza, blanketi mbili begani, akaja moja kwa moja akamshika Kiilu mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu kwetu, anko," akasema.

Nyuma yake Kathini alikuwa amesimama mlangoni, anajipangusa jasho.

"Na huyu bwanangu," akauliza kwa sauti ya Bi Kobe, "mbona ameacha kutafuna?"