Noted, na Nukta Yake

"Hii iko na nukta," Ivyne alisema, akiivuta simu ya Mutinda karibu na macho. "Pole sana."

Mutinda aliuliza nukta ina ubaya gani. Watu watatu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walimwonea huruma, maana hata mlinzi wa getini alijua ubaya wa nukta.

Katika kampuni ile ya vigae, pale Dagoretti Corner, Bwana Balwant, mwenye kampuni aliyekaa ghorofani, alikuwa hapandiwi ngazi. Mwenye shida alimwandikia kwenye WhatsApp na kungoja, na jibu lilikuwa neno moja la Kiingereza: "Noted", yaani nimeliona. Uombe likizo, uripoti wizi, ufiwe na mama, jibu ni lilo hilo. Tangazo la kukataza watu kupanda ngazi lilikuwa ukutani. Lilikuwa limebandikwa na Ivyne, katibu wake, ambaye meza yake ilikaa hapo hapo chini ya ngazi.

Na Ivyne ndiye pekee aliyejua kulisoma neno hilo. "Noted" bila nukta ni ndiyo, lakini usizoee. Yenye nukta ni hapana. "Noted with thanks" ni anza kutafuta kazi kwingine. Ikija kabla ya saa nne, Mzee hajanywa chai, kwa hiyo rudia ombi baadaye. "Well noted" ilimpata Isaiah wa mauzo mara moja tu, na baada ya wiki mbili barua ya kumfuta kazi ikaja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtilia Ivyne shaka. Watu wenye digrii zao walipanga foleni na simu mkononi kama wagonjwa walioshika karatasi za maabara, na hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Peres wa uhasibu alipeleka mandazi. Oloo, dereva, alikuwa ameomba tairi mpya, akatafsiriwa kwamba "Noted" yake ni ya subira. Kila Jumatatu alimletea Ivyne maparachichi kutoka Uthiru, juu ya tairi zilizobaki vipara.

Mutinda wa stoo aliuona mchezo huo wote kuwa upuuzi. Aliwahi kusema kantini, tena kwa sauti, kwamba noted ni noted, na kwamba watu wazima wamegeuka makinda ya kulishwa mdomoni na katibu. Alhamisi hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya meza ile, na alikuja bila hata chungwa.

Lakini jambo lake lilikuwa zito. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto katika shule ya bweni ya bintiye, Valarie, huko Kangundo. Mtoto hakuwa ametembelewa tangu aingie shule mwezi wa kwanza, na mama yake alikuwa kazini Qatar. Valarie alikuwa amepiga kwa simu ya matroni akaagiza chapati na kuku, na baba asitume mtu. Mutinda aliomba Jumamosi moja tu. Dakika mbili baadaye akapata "Noted."

"Dakika mbili?" Ivyne akatikisa kichwa. "Hata hakufikiria. Ukienda, Jumatatu usikuje."

Mutinda alimwomba amruhusu apande akaongee na Mzee ana kwa ana. Ivyne alimwonyesha tangazo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto a, e, i, o, u. Kisha akamwita aliyefuata.

Jumamosi Mutinda alikwenda kazini, akapanga maboksi. Saa kumi matroni alipiga simu na kumpa Valarie. Hakulia, na hilo ndilo lililomuumiza babaye zaidi. Alisema tu kwamba wazazi wa mwenzake Ciru walimgawia mguu wa kuku, na kwamba ni sawa. Simu ilipokatika Mutinda aliketi katikati ya vigae vya choo akalia, mtu mzima mwenye ndevu, na hakujali nani anamwona.

Jumatatu hakupanga foleni. Ivyne alikuwa ameinama akipokea maparachichi, naye Mutinda akalipita tangazo, akapanda ngazi mbili mbili, tayari kufutwa kazi.

Bwana Balwant aliinuka kwenye kiti kumlaki. Alisema ni ajabu siku hizi hakuna mtu anayepanda kumsalimia, alidhani wafanyakazi wake wamemchoka. Kisha akamtaka aketi.

"Visiting ilikuwaje?" akauliza. "Msichana alifurahi?"

Mutinda alitoa simu, akafungua lile neno na nukta yake, akamwekea mezani. Bwana Balwant aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani na kuivaa tena. Mwishowe akamrudishia.

"Macho yangu haioni hizi vitu tangu operesheni ya mwaka jana," alisema. "Yako Ivyne alinisomea Alhamisi, nikamwambia akuandikie uende, na umsalimie mtoto."