Saba ya Kopa

Tangu asubuhi Tausi alikuwa hajainuka kwenye ile kompyuta kuukuu, anacheza karata peke yake. Shomvi, aliyempa talaka juzi, alikuja kuichukua kompyuta hiyo, akasimama nyuma yake na boksi tupu mkononi.

"Mama Raya, mchezo huo umenishinda miaka kumi. Utauweza wewe?"

Tausi alizidi kukikodolea macho kioo. Zilibaki karata chache tu, nazo zimekwama.

"Iteremshe hiyo saba ya kopa," Shomvi akasema kwa mazoea. "Iweke juu ya nane nyeusi, umemaliza."

Tausi aliangalia. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimuuma kuliko talaka.

"Hata leo unanionyesha pa kuweka mkono? Toka nje. Utaibeba nikishamaliza mwenyewe."

Alipotoka, Tausi aliurudisha mchezo mwanzo, karata zilezile, huku mwenye boksi akisubiri juani.