Msiba wa Milango Wazi

"Hakuna kubaki mtu," Ruthu alisema. "Na milango msifunge."

Kina mama waliokaa naye mkekani wakaacha kuimba. Hata Gerson, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja kupanga ratiba ya maziko, alishusha miwani akamtazama vizuri. Wakadhani uchungu umempanda kichwani.

Mtaa wao uko upande wa Msalato, kwenye nyumba mpya zilizochipuka tangu habari za uwanja wa ndege zianze. Tangu mwaka jana wezi walikuwa wamejipatia siku yao nzuri ya kuiba, nayo ni siku ya msiba. Watu wakienda makaburini, huku nyuma zinaondoka televisheni, majiko ya gesi, hata magodoro. Ruthu alirudi kutoka kumzika mama yake mzazi akakuta vyerehani vyake vyote havipo, na sare za shule alizokwisha kukata zimekanyagwa sakafuni.

Afisa mmoja wa polisi alikuja kwenye mkutano wa mtaa akasema kwamba, kwa ujumla, wizi umeshuka.

"Umeshuka ndiyo," Ruthu alijibu. "Umeshukia kwangu."

Watu walicheka. Lakini mzee Matonya alipofariki, kila mmoja alibaki kulinda kwake. Waliojitokeza hawakutosha kubeba jeneza, ikabidi waombe msaada kwa mafundi ujenzi waliokuwa wakijipitia njiani. Ruthu aliiona aibu ile. Cherehani utanunua kingine. Mtaa ambao watu wake hawazikani tena, mwingine utaununua wapi? Alikasirika kuliko siku aliyoibiwa yeye.

Na sasa jeneza lilikuwa sebuleni kwake. Lilifika asubuhi kutoka Chemba, ambako mumewe Silvano alikuwa amekwenda kununua mbuzi. Nathan, kaka yake Ruthu, ndiye aliyelileta kwa pikapu. Alisema mwili wa shemeji yake ulichelewa kupatikana huko porini, kwa hiyo jeneza halifunguliwi. Juu yake waliweka picha: Silvano ndani ya suti ya kahawia, anacheka, pengo la mbele wazi. Mtaa mzima ulimjua kwa pengo hilo, na kwa salamu yake ya Kigogo, "Mbukwa!" kwa mmoja na "Mbukwenyi!" kwa wengi, aliyowarushia watu hata walio ng'ambo ya barabara.

"Mama Anitha," alisema Shamimu, jirani wa pua na mdomo, "pole sana mwenzangu. Lakini vitu vyetu je?"

"Kikipotea cha mtu, anidai mimi." Ruthu alisimama, kitenge kikamdondoka begani, hakukiokota. "Mwizi ametufungia ndani mpaka tunaogopa kuzikana! Mimi simwogopi. Nataka mtaa mzima utoke na jeneza hili. Mlango wangu ndio utakuwa wa kwanza kuachwa wazi. Chumbani kuna cherehani kipya, hata nailoni sijakivua. Aje akichukue, kama ni mwanaume."

Aliyasema hayo kwa sauti iliyofika mpaka uani, ambako Yoramu alikuwa akipanga viti. Yoramu ndiye aliyekodisha maturubai na viti kwa kila msiba wa mtaa ule, tena kwa bei ya ujirani. Watu wakishakula na kuondoka na jeneza, yeye hubaki kukunja vitu vyake na kupakia kwenye lori lake dogo. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Aliingia akavua kofia. "Dada, mnatoka saa ngapi? Nijue na mimi nijipange."

"Saa nane."

"Na hapa nyumbani habaki mtu?"

"Habaki mtu."

"Mungu akutie nguvu, dada yangu."

Mchana Ruthu hakula na wenzake. Alibeba sahani yake ya ugali wa uwele na mlenda, akajifungia chumbani, akisema anataka kulia peke yake. Alipotoka, sahani ilikuwa nyeupe.

"Afadhali," shangazi yake Sidonia alimnong'oneza Shamimu. "Tangu asubuhi alikuwa anasema hata maji hayapiti."

Saa nane ilipofika, walitoka. Walitoka wote, wengine kwa moyo, wengine kwa kumwonea haya Ruthu, na milango ikabaki wazi pande zote mbili za barabara, mapazia yakipepea nje. Wanaume walipokezana jeneza, wakilalamika chinichini kwamba Silvano, mwembamba vile, leo ana uzito wa saruji. Ruthu alitangulia mbele, kichwa juu, bila kushikwa mkono na mtu. Gerson aligeuka kutazama msafara ulivyokuwa mrefu, machozi yakamlengalenga.

Yoramu alisubiri mpaka wimbo ulipopotelea mbali. Kisha akarudisha lori kinyumenyume hadi mlangoni kwa Ruthu, akakunjua turubai moja nyuma yake tayari kwa kufunika, kama alivyofanya katika misiba yote iliyotangulia. Aliamua aanzie hapo alipokaribishwa.

Mlango wa chumbani nao ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kigiza cha mapazia, na chandarua kilikuwa kimeshushwa kitandani. Cherehani kilikuwa pale pale kilipotajwa, kwenye nailoni yake. Yoramu alicheka kidogo, akainama kukipima uzito.

"Mbukwa, Yoramu."

Chandarua kikafunuliwa. Kitandani alikuwa amekaa mtu ndani ya suti ya kahawia, rungu mapajani, pengo la mbele wazi.

"Mtaa mzima umekwenda," alisema. "Wewe mbona hukuja kunizika?"