Shika Waya

"Shika hapo kwenye chuma, mama," Nzuki alisema. "Utarushwa kidogo tu. Haiui mtu."

Mwanamke akashika ncha ya waya wa plagi kwa vidole viwili. Nzuki akaikanyaga mashine ya kukatia nyasi isisogee, akavuta kamba kwa nguvu. Injini ikazunguka bure, ikanyamaza.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Basi haina moto."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya banda lake la ufundi pale Kariobangi. Mwenye mashine hushika waya mwenyewe; akirushwa, basi plagi ina moto. Jua la mchana halikuruhusu cheche ionekane, na Nzuki alikuwa amechoka kuitwa mwongo. Makarani walikuja na tai zao, wakashika, wakaruka kama panzi, wakaamini. Nerima, muuza chai wa ng'ambo ya njia, alikuwa akiacha birika lake ili aje kucheka. Leo hakupata cha kuchekea. Aliweka vikombe viwili juu ya pipa la mafuta, akarudi zake.

Nzuki alitoa gurudumu la sumaku, akazisugua pointi za kuwashia kwa msasa mpaka zikang'aa.

"Umeisukuma kutoka wapi?"

"Buruburu."

Akavitazama viatu vya mwanamke. Vyeusi, vimepigwa rangi, havina hata chembe ya vumbi. Alivaa sare ya akina mama wa kanisa, na kitambaa cha buluu kichwani.

"Kwenu leo ni Jumapili? Sisi huku bado tuko Alhamisi."

"Nguo hizi nilizikuta kitandani zimepigwa pasi," akasema. "Sijui ni nani aliyezipiga."

Akashika waya tena. Nzuki akavuta.

"Wapi, sijasikia," mwanamke akasema.

"Mashine hii ina roho ngumu. Iache, mama. Uje Jumatatu."

"Lazima ipone leo, fundi. Jumamosi kuna wageni, na nyasi zimefika magotini."

"Wageni gani?"

Mwanamke alisogea karibu. Jina lake lilikuwa Jecinta, mke wa Mbuthia, na alisema hayo kwa haraka, kama mtu anayeogopa kwamba atakatazwa kuyasema.

"Viti vya kanisa vimeletwa uani. Masufuria makubwa yameletwa. Hakuna anayeniambia ni vya nini. Mbuthia ananipita kama mlango."

"Labda ni mahari ya binti yenu. Wanataka kukushtukiza."

"Warigia ana miaka tisa."

"Basi bwana anakuletea mwenzio," Nzuki akasema, akacheka.

Yeye hakucheka. Nzuki akainamia kazi yake, akaona aibu. Akang'oa kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme, akatia nyingine aliyoitoa kwenye pampu ya maji iliyokufa.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," Jecinta akasema nyuma yake. "Tuligombana Jumatatu kwa sababu ya mashine hii. Aliniambia nimwite kijana wa kufyeka, nikamwambia mimi mwenyewe naweza. Nilivuta hiyo kamba mpaka kifua kikaniuma, nikakaa chini kwenye nyasi. Tangu saa hiyo hajanisemesha. Nikirudi nayo inanguruma, atanitazama. Nyumba ile ni yangu, fundi. Sitaki kutolewa."

"Hakuna wa kukutoa. Shika."

Akashika. Kamba ikavutwa mara tatu, jasho likamtiririka Nzuki kidevuni.

"Hamna kitu," Jecinta akasema, sauti ikimpungua.

Chai ya Jecinta ilikuwa imefanya utandu juu, haijaguswa. Nzuki aliitazama. Akaingia ndani ya banda, chini ya kalenda ya mwaka wa 1979 iliyokuwa imepitwa na miaka miwili, akatoa koili mpya ya kuzalisha cheche, iliyokuwa bado kwenye karatasi yake. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku ya shida. Akaifunga, akapima nafasi yake na sumaku kwa kipande cha kadi, akakaza skrubu polepole.

"Hii ikikataa, nitauza banda niende nikachonge vinyago na ndugu zangu kule Wamunyu."

Jecinta alishika waya. Nzuki alivuta.

Jecinta akatikisa kichwa.

"Haiwezekani," Nzuki akasema. Koili mpya, kondensa nzima, pointi safi. Miaka kumi na mitano ya kazi ilikuwa ikimcheka mbele ya mteja. "Lete huo waya. Vuta wewe."

Mwanamke akainama, akaishika kamba kama mtu aliyeizoea, akavuta.

Nzuki alitupwa kwenye mabati. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika juu ya mchanga. Mkono wake ulikufa ganzi mpaka begani, na meno yake yalikuwa yameuma ulimi. Nerima alicheka ng'ambo ya njia mpaka akashika kiuno.

"Fundi leo umejirusha mwenyewe!"

Nzuki akajiinua polepole. Alikuwa akitazama kondensa ya zamani na koili ya zamani alizozitoa bure, zimepangwa juu ya gunia, zote nzima.

Jecinta aliuokota waya. Safari hii aliikumbatia ncha ya chuma kwa kiganja kizima.

"Vuta," akasema.

"Mama, acha."

"Vuta, fundi."

Nzuki akavuta kwa mkono uliobaki na nguvu. Kiganja cha mwanamke hakikutikisika hata kidogo.

Jecinta alikitazama kiganja chake. Kisha akazitazama sare zake, mikunjo ya pasi ikiwa bado imenyooka.

"Fundi," akauliza taratibu, "vile viti ni vya nini?"