Mstari wa Fundi Seremala

Siku ya tatu baada ya maziko, mjukuu alilifungua daftari la maombi la babu, fundi seremala aliyewaombea watu wake kila alfajiri, mmoja mmoja, kwa majina.

Ukurasa wa mwisho, jina la baba yake lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, wa rula na penseli ya kuchorea mbao. Pembeni babu ameandika: "Bwana, kwa huyu nimechoka."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, hajagusa pombe tangu msiba. "Mwanangu, na mimi nimo humo?"

"Umo, baba." Akarudi nyuma kurasa kumi, akamsomea jina lake. "Babu hakukukatia tamaa."

Baba akajifuta machozi kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Lete basi, niuone mwandiko wake wa mwisho."