Mkono Ukingoni mwa Picha

Mkono wa mama ulitokea ukingoni mwa picha, ukisukuma kitita cha uzi kunielekea.

Kaka Sang-uk akaisimamisha kanda ya video. Ilikuwa sherehe yangu ya kutimiza mwaka, mtoto anapowekewa vitu mbele yake achague bahati yake: kalamu ya usomi, pesa, uzi wa maisha marefu. Runinga yetu ya zamani ilikuwa ikikata kingo za picha. Projekta mpya ilionyesha picha yote ukutani, ingawa kwa ukubwa ule vidole vya mama vilikuwa vya mraba, kama vipande vya tofu.

"Mama, si ulisema alichagua mwenyewe?" kaka akauliza.

Niliuamini uzi ule miaka yote, na kesho yake nilitakiwa kupasuliwa moyo.

"Alikuwa anatambaa kuifuata kalamu," mama akasema. "Na daktari alishaniambia habari za moyo wake. Ulitaka nikae nitazame?"

"Umemnyima uprofesa."

"Profesa marehemu wa kazi gani?"

Nikacheka. Sijawahi kuona vidole vizuri kama vile.

Bila kunitazama, mama akasukuma bakuli la uji mpaka likagusa goti langu.

Nikalipokea kwa mikono miwili.