Saini ya Mrithi

Mwanasheria wa kampuni aliweka karatasi juu ya meza ya kukatia nguo, na kalamu pembeni.

"Mama, ni saini tu. Programu ya marehemu binti yako inawasomea vipofu maandishi. Tunataka kuiuza ndani ya programu yetu, lakini leseni yake inasema atakayeisambaza pamoja na nyingine lazima aweke wazi na msimbo wa hiyo ya kwake, kila mtu ausome. Yetu ni siri. Hizi mbili haziivi chungu kimoja. Wewe ndiye mrithi, ukituruhusu, yamekwisha."

Fundi cherehani alivua miwani. "Yaani ya mwanangu iwe wazi, nyinyi mjifungie yenu?"

"Ndiyo biashara, mama."

"Biashara aliijua. Ndiyo maana akaandika vile. Fungueni na yenu, hamtanihitaji."

"Bosi hatakubali."

Fundi aliipapasa karatasi kwa kidole gumba. Ilikuwa nzito, laini, ya bei. Akachukua kalamu. Mwanasheria akatabasamu.

Fundi akaigeuza karatasi, na upande wa nyuma akachora taratibu umbo la kola ya shati, pembe kwa pembe.

"Nilikosa karatasi ngumu ya kipimo cha kola," alisema, akiingiza mkasi.